Sura ya 6: Baraza Lisilo na Mwenye Nyumba

Mbona swali lililojibiwa asubuhi huulizwa tena jioni? Hilo ndilo lalamiko la kila mtu aliyewahi kutiwa, bila kuombwa idhini, kwenye grupu la WhatsApp: la jengo, la wazazi wa darasa la nne, la kamati ya harusi ambayo bibi harusi wake sasa ana watoto wawili.

Chukua grupu la wapangaji wa jengo lolote la ghorofa huko Ganjoni, Mombasa. Alfajiri mtu anauliza, "Jamani, maji yamekuja?" Watatu wanamjibu. Mmoja wao, mzee aliyeingia jengo likiwa jipya, anaeleza kila kitu: maji ya mfereji huja usiku gani, pampu iwashwe saa ngapi kabla msukumo haujashuka, na kijana wa mkokoteni wa mitungi apigiwe kwa namba ipi. Jibu zuri, halina kasoro. Kufikia adhuhuri limefunikwa na picha za maua ya "Jumaa Mubarak", tangazo la biriani ya kuagiza, video ya mtu asiyejulikana akiteleza matopeni, na ubishi wa gari lililoziba mlango. Baada ya isha mwingine anaandika: "Jamani, maji yamekuja?"

Wapangaji hao si wajinga. Chombo wanachotumia kilitengenezwa kwa mazungumzo ya papo kwa papo, na maneno ya jana hayana pa kukaa. Sura hii inaeleza chombo kingine, kikongwe kuliko wavuti wenyewe, kilichobuniwa ili swali likae pamoja na majibu yake, na anayekuja nyuma alikute. Chombo hicho ni Usenet, na kila pahali pa kuzungumzia ndani yake huitwa kikundi cha habari. Wengi hawajawahi kukisikia. Hata hivyo adabu nyingi za mazungumzo ya mtandaoni zilianzia huko, na ufedhuli mwingi pia.

Kompyuta zilizopigiana simu usiku

Mwishoni mwa 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina nchini Marekani, walitaka kompyuta ya chuo chao ibadilishane ujumbe na ile ya chuo jirani cha Chapel Hill. Wanafunzi hao walikuwa Tom Truscott na Jim Ellis. Programu ya kwanza ya kazi hiyo iliandikwa na Steve Bellovin, aliyekuwa akisoma Chapel Hill. Intaneti kama ijulikanavyo leo haikuwapo. Kilichokuwapo ni simu ya waya na modemu, yaani kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ili ipite kwenye laini ya simu.

Usiku, bei ya simu iliposhuka, kompyuta moja iliipigia nyingine, ikaipa jumbe mpya, ikachukua zile ilizokuwa haina, ikakata. Ile ya pili nayo ikaipigia ya tatu. Mwaka 1980 vyuo vingine vikaanza kujiunga. Mwaka 1986 ukaandikwa utaratibu wa kupitisha jumbe hizo kwenye intaneti badala ya simu za usiku, na maneno yaliyokuwa yakitembea siku kadhaa kabla ya kumfikia msomaji wa mbali yakaanza kumfikia kwa saa, kisha kwa dakika.

Hapa kuna neno moja la kueleza. Seva ni kompyuta isiyozimwa ambayo kazi yake ni kuhifadhi vitu na kuwagawia wanaovitaka. Ukiandika ujumbe kwenye kikundi cha habari, seva yako huuweka kwake, kisha huzipa seva jirani nakala. Jirani nazo huzipa jirani zao. Hakuna seva kuu. Hakuna makao makuu, hakuna mkurugenzi, hakuna kampuni ambayo ndiyo "Usenet".

Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zina baraza, kile kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa ukutani upande wa njia, ambapo watu hukaa baada ya alasiri wakimngoja mwenye dele la kahawa. Baraza hukaliwa na yeyote, lakini ukuta lililouegemea una mwenyewe. Akitaka kupaka chokaa, mtahama. Akichoka na siasa zenu, atawaambia, kwa upole au vinginevyo. Usenet ni baraza ambalo nyuma yake hapana nyumba.

Mambo mengi yalifuata kutoka hapo. Hakuna awezaye kulifunga, maana ukizima seva moja nakala ziko kwingine elfu. Hakuna wa kukufukuza. Lakini pia hakuna wa kumfukuza mwendawazimu aliyekaa karibu nawe, na neno likishakutoka huna hakika ya kulirudisha, kwa kuwa limeshanakiliwa mahali usikokujua. Mtumiaji wa WhatsApp aliyezoea kubonyeza "futa kwa wote" angepata tabu sana.

Kusoma jina la kikundi

Majina ya vikundi hutisha mara ya kwanza kwa sababu yana nukta katikati. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jambo pana kwanza, dogo mwisho. Kikundi cha soc.culture.african, kwa mfano, kimo katika tawi la mambo ya jamii, ndani yake utamaduni, ndani yake Afrika.

Matawi makuu yalipangwa upya kati ya 1986 na 1987, na mengi yangalipo:

- comp: kompyuta na programu
- sci: sayansi
- soc: jamii, mila, dini
- rec: burudani, michezo, mapishi, muziki
- talk: ubishi wa mambo yasiyokwisha
- news: mambo ya Usenet yenyewe
- misc: yaliyokosa pa kwenda
- humanities: fasihi na sanaa, liliongezwa mwaka 1995

Kando yake lilizuka mwaka 1987 tawi la alt, lililoundwa na waliochoshwa na utaratibu. Kwenye matawi makuu kikundi kipya kilipigiwa kura: zilihitajika kura za ndiyo zilizozidi za hapana kwa 100, tena ziwe angalau theluthi mbili ya kura zote. Kwenye alt mtu aliweza kuanzisha kikundi bila kura yoyote, na watu walianzisha, kwa mambo ya maana na ya upuuzi.

Ndani ya kikundi jumbe hupangwa kwa nyuzi. Uzi ni ujumbe wa kwanza pamoja na majibu yake yote, na majibu ya majibu, yakiwa yameshikamana chini ya kichwa kimoja. Watumiaji wa JamiiForums ya Tanzania wanalijua neno hili vizuri. Huko kila siku mtu huambiwa alete uzi, na aliyeuleta huitwa mleta mada. Kile ambacho grupu la Ganjoni halina ni hicho. Kama swali la maji lingekuwa uzi, jibu la mzee lingelikaa chini yake mwaka mzima, na maua ya Ijumaa yangekuwa na uzi wao.

Vitu viwili vilivyotangazwa kwenye Usenet vinafaa kukumbukwa. Tarehe 6 Agosti 1991 Tim Berners-Lee aliwaeleza wasomaji wa alt.hypertext kuhusu mradi wake wa wavuti. Tarehe 25 ya mwezi huohuo mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kwenye comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha, akauliza watu wangependa uwe na nini. Mfumo huo ni Linux. Simu za Android zilizojaa mifukoni kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni zimejengwa juu ya kiini chake. Torvalds aliuliza vizuri, na hilo litarudiwa hapa chini.

Pwani ilizungumziwa kutoka mbali

Mwaka 1992 Mombasa ilipata machafuko baada ya chama cha Kiislamu cha IPK kunyimwa usajili, na mwisho wa mwaka huo Kenya ikapiga kura ya vyama vingi. Kijana wa pwani aliyekuwa masomoni ng'ambo alikuwa na njia chache za kupata habari za kwao: redio ya masafa mafupi, barua, gazeti la posta lililofika limechoka. Kama chuo chake kilikuwa na kompyuta za mtandao, alikuwa na nyingine: kikundi cha soc.culture.african, ambako Waafrika wa nchi zote walibishana, na KenyaNet, orodha ya barua pepe ya Wakenya. Orodha ya barua pepe ni jamaa wa karibu wa kikundi cha habari, ila ujumbe huletwa kwenye sanduku la kila mwanachama badala ya kungojwa kwenye seva.

Kutokana na mazungumzo ya aina hiyo vijana watatu wa Kenya waliosoma Boston na kandokando yake, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online mwaka 1994. Kampuni hiyo ikaja kuwa miongoni mwa za kwanza kuuza intaneti Kenya.

Nyumbani mambo yalikwenda taratibu. Jijini Nairobi kituo cha mashirika ya mazingira, ELCI, kiliendesha kituo cha FidoNet, mtandao uliotumia mbinu ileile ya kompyuta kupigiana simu na kukabidhiana jumbe. Mwaka 1995 shirika la posta na simu la wakati huo, KPTC, lilitangaza gazetini kwamba huduma za intaneti zinavunja sheria. Miaka mitatu baadaye shirika hilohilo lilikuwa likiendesha njia kuu ya intaneti ya nchi, Jambonet. Na hadi nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, nchi nzima ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, na mtu wa kawaida alisoma mtandao katika saiba iliyomhesabia dakika.

Kwa hiyo katika miaka ambayo Usenet ilikuwa na nguvu, wengi waliozungumza kuhusu pwani hawakuwako pwani. Waliokuwako hawakuwa na laini. Jambo hili halitajwi sana na wanaousifu ule wakati, na lafaa kutajwa: uhuru wa kusema ulikuwepo, lakini ulianza na kadi ya mwanafunzi wa chuo cha nje.

Mji wenyewe ulikuwa umezoea hoja za maandishi zamani sana. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa, iliyosambazwa bure mjini, na mwaka 1932 akafuatisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwachokoza Waislamu wa pwani wafikirie elimu na hali yao. Watu waliisoma, wakaipinga, wakaipitisha. Mombasa haikukosa wabishi wa kuandika, ilikosa waya.

Adabu mahali pasipo na askari

Kwa kuwa hapakuwa na mwenye nyumba, watu wa Usenet walijitungia mila. Hazikuandikwa na serikali wala kampuni. Zilitokana na uchovu: uchovu wa kujibu swali moja mara mia, na uchovu wa kulipia simu ya usiku inayobeba maneno yaliyorudiwa bure.

Mila ya kwanza ni kusoma kabla ya kusema. Mgeni alishauriwa akifuatilie kikundi kwa muda, awajue watu na mada, ndipo aandike. Anayesoma bila kuandika hakulaumiwa hata kidogo.

Ya pili ni maswali ya mara kwa mara. Vikundi vingi viliandika waraka mmoja wenye maswali yanayorudi na majibu yake, ukatumwa upya kila baada ya wiki kadhaa. Huu ndio uvumbuzi ambao grupu la jengo lingenufaika nao leo bila kubadili programu: admini aandike maelezo ya maji, taka, maegesho na ulinzi katika ujumbe mmoja, aubandike juu, na kila tarehe mosi auweke tena. Kazi ya robo saa.

Ya tatu ni kichwa cha ujumbe. Msomaji wa kikundi haoni ujumbe kwanza, huona orodha ya vichwa, na huamua hapo kama atafungua au atapita. Tuseme mtu ana pampu ya kisima iliyogoma. Anaweza kuandika hivi:

Kichwa: MSAADA!!!
Ujumbe: Pampu yangu haifanyi kazi, nifanyeje? Haraka tafadhali.

Atajibiwa na wachache, na wote watamuuliza maswali. Au anaweza kuandika hivi:

Kichwa: Pampu yanguruma lakini haivuti, maji futi 30 chini
Ujumbe: Pampu ya kukaa juu ya ardhi, ina miaka miwili. Maji yalikuwa futi 22 kutoka juu. Tangu kaskazi ianze yameshuka hadi futi 30. Mota yazunguka. Nimeijaza maji kabla ya kuiwasha, bomba halivuji. Nini kingine niangalie?

Tofauti yao haiko kwenye ufasaha. Wa pili ametoa kipimo, na kipimo ndicho chenye jibu. Fundi yeyote atakayepita ataona tatizo mara moja, hata akiwa nchi nyingine. Linus Torvalds alifanya hivyohivyo: alisema anatengeneza nini, kwa kompyuta gani, amefika wapi, na anataka kujua nini.

Ya nne ni kunukuu kidogo. Anayejibu hutanguliza maneno anayoyajibu, kila mstari ukiwa na alama mbele yake, kisha huandika chini:

> Tangu kaskazi ianze yameshuka hadi futi 30.

Hapo ndipo. Pampu ya kukaa juu haivuti maji yaliyo chini kupita futi 25 hivi, hata ikiwa mpya. Hewa ndiyo inayoyasukuma maji kupanda, na uwezo wake una mpaka. Iteremshe pampu ndani ya kisima juu ya jukwaa salama, au tafuta ya kuzamishwa majini.

Mstari mmoja umenukuliwa. Mingine yote imeachwa. Anayekuja mwaka wa pili ataelewa bila kupanda juu kutafuta kilichosemwa. Kunukuu ujumbe mzima wa kurasa tatu ili kuongeza "nakubaliana nawe" kulionwa utovu wa adabu, na watu walisemwa kwa hilo hadharani.

Septemba isiyokwisha

Mila hizo zilisimama kwa sababu wageni walikuja kwa zamu. Kila Septemba, vyuo vya Marekani vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walimiminika, wakavuruga wiki kadhaa, wakafunzwa, mambo yakatulia. Kisha mnamo 1993 na 1994 kampuni za kuuza huduma za mtandao majumbani, AOL ikiwa mojawapo, zikawafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wageni wakaja kila siku, wengi kuliko wenyeji, na hakukuwa na mtu wa kuwafunza wote. Wazee wa Usenet wakasema kwa dhihaka kwamba Septemba ya 1993 haijaisha hadi leo.

Aprili 12, 1994 likaja pigo jingine. Wanasheria wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja kwenye vikundi zaidi ya 5,500. Vikundi vya hesabu, vya mapishi, vya pikipiki, vyote vikalipata. Walikuwa wakitangaza nini? Huduma ya kujaza fomu za bahati nasibu ya Green Card ya Marekani. Mkazi wa Mombasa aliyewahi kuona kibao cha "Green Card hapa, picha na fomu" nje ya saiba kila ifikapo Oktoba atacheka: ujumbe taka ulioingia kwenye historia ulikuwa ukiuza kitu kilekile. Ujumbe taka ni tangazo linalotumwa kwa maelfu ambao hawakuliomba, na Canter na Siegel hawakuomba radhi. Waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine.

Dhidi ya kelele hizo msomaji alikuwa na silaha moja, nayo ilikuwa ya kwake peke yake. Programu za kusomea vikundi zilikuwa na orodha ya kupuuza: unaandika jina la mtu au neno fulani, na jumbe zenye hilo hazikutokei tena. Yeye anaendelea kusema, na wengine wanaendelea kumsikia. Wewe tu ndiye humwoni. Kwenye baadhi ya vikundi palikuwa pia na msimamizi, mtu anayesoma kila ujumbe kabla haujatoka. Hivyo vilikuwa safi zaidi, na vilikwenda kwa mwendo wa nafasi ya msimamizi.

Wenye nyumba walipokuja

Watu wengi walihamia kwenye majukwaa ya wavuti, yaani tovuti za majadiliano zenye mwenyewe. Yalikuwa mepesi kutumia, yalikuwa na picha, na matusi yalifutika. Kwa Wakenya jukwaa kubwa la miaka ya mwanzo ya 2000 lilikuwa Mashada, la David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, maneno ya chuki ya kikabila yalifurika Mashada kiasi cha kuwashinda wasimamizi. Kobia akalifunga jukwaa. Badala yake akaweka tovuti iitwayo I Have No Tribe, na katika majuma hayohayo akashirikiana na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich kujenga Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za matukio kutoka kwa wananchi.

Uamuzi wake unaweza kujadiliwa hadi kesho. Palipofungwa palikuwa pia na watu waliokuwa wakiulizana habari za jamaa zao. Hata hivyo ni vigumu kusema alikosea: jukwaa lenye mwenyewe lina mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo ana haki ya kufunga mlango wake nyumba inapoanza kuwaka. Kwenye Usenet uamuzi kama huo usingewezekana, uwe mwema au mbaya.

Upande wa pili wa shilingi hiyo uko Dar es Salaam. Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha JamboForums mwaka 2006. Mwaka 2008 ikawa JamiiForums. Hapo Watanzania, na Wakenya wasio wachache, waliitana "mkuu", wakaandika kwa majina ya kubuni, wakafichua ufisadi ambao magazeti yaliuogopa. Polisi walitaka majina halisi ya baadhi ya waandishi. Melo akakataa kuyatoa. Desemba 2016 alikamatwa, akafunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kesi zikaendelea kwa miaka. Mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya kulinda wanahabari, CPJ, ilimtunukia tuzo. Juni 2018 jukwaa lilizimwa kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya zilizodai leseni kwa wachapishaji wa mtandaoni. Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikasimamisha leseni yake kwa siku 90.

Mwenye nyumba, basi, ndiye anayewalinda waliokaa barazani, na ndiye anayefuatwa na serikali. Melo aliwaficha wageni wake na akalipa gharama. Si kila mwenye jukwaa angefanya hivyo, na mwandishi anayejificha nyuma ya jina la kubuni anafaa kujua kwamba siri yake iko mikononi mwa mtu, si mikononi mwa mtambo.

Kwa ufupi, kabla ya kuandika popote jiulize:

- Maneno haya yatahifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo?
- Naweza kuyafuta? Nikiyafuta, nakala ziko kwingine?
- Nani anajua jina langu halisi au namba yangu ya simu?

Kwenye WhatsApp, kila mwanachama wa grupu kwa kawaida huiona namba yako. Kwenye jukwaa la wavuti, mwenyewe huijua anwani yako ya barua pepe. Kwenye Usenet, mwenye seva uliyojiandikisha hujua, na wengine hawajui ila ulichoandika. Popote pale, sheria za Kenya hukufuata: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kwa maneno ya chuki, na ile ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya 2018.

Kuingia leo

Usenet haijafa, imepungua. Sehemu kubwa ya mzigo wake siku hizi ni mafaili, mengi yao filamu na programu za wizi zinazopatikana kupitia kampuni za kulipia, na msomaji wa kitabu hiki hana haja nayo. Mazungumzo ya maandishi yamebaki kwenye vikundi vichache vyenye watu wa kudumu, hasa vya kompyuta kama comp.lang.c. Vikundi vingi vya nchi na utamaduni vimekuwa magofu.

Magofu hayo yana hazina. Kampuni ya Deja News ilianza kuhifadhi jumbe mwaka 1995. Google iliinunua Februari 2001 na baadaye ikaongeza jumbe za tangu 1981. Tarehe 22 Februari 2024 Google iliacha kupokea jumbe mpya za Usenet, lakini za zamani bado husomeka kwenye Google Groups. Mwanafunzi wa historia wa Mombasa anayetaka kujua Waafrika walibishana nini mwaka 1994 anaweza kuanza na soc.culture.african akiwa kitandani, kwa bando la siku moja.

Anayetaka kuandika anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya kusomea. Thunderbird, inayojulikana zaidi kwa barua pepe, hufanya kazi hiyo bure kwenye kompyuta. Cha pili ni seva. Iliyo maarufu kwa maandishi matupu, tena ya bure, inaitwa Eternal September, kwa kumbukumbu ya ile Septemba. Unajiandikisha kwenye tovuti yao, unapewa jina na neno la siri, kisha ndani ya Thunderbird unafungua akaunti mpya ya vikundi vya habari. Jina la seva ni news.eternal-september.org. Namba ya mlango ni 119 kwa njia ya kawaida, au 563 kwa njia iliyofichwa, na hiyo ya pili ndiyo ya kuchagua ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawa au ya hoteli.

Programu itashusha orodha ya vikundi, maelfu kwa maelfu. Usijaribu kuisoma yote. Andika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua viwili au vitatu, vipe alama ya kujiunga. Kwenye sehemu ya anwani usiweke barua pepe unayotumia kwa benki au kazini, kwa sababu watuma taka huzoa anwani zilizomo vikundini. Fungua nyingine kwa kazi hii tu.

Ujumbe wa kwanza usiupeleke kwa watu. Kuna kikundi cha misc.test, na kingine cha alt.test, ambavyo kazi yake ni kupokea majaribio. Kichwa kiwe "jaribio", ndani uandike lolote lisilo siri. Ngoja dakika chache, fungua kikundi upya, utafute ulichoandika. Kikitokea, seva inakupokea. Kisipotokea, angalia kwanza neno la siri, kisha namba ya mlango. Makosa mengi ya wageni yako kwenye hayo mawili.